Kabla hujachangia programu huria, jiulize umefuata nini

Programu huria ni zile ambazo kodi yake, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, iko wazi kwa yeyote kuisoma na kuirekebisha. Mimi nilifuata kazi. Nilisikia waajiri wanaangalia ukurasa wako wa GitHub, tovuti ambako watu huweka kodi zao, basi nikatafuta mradi mkubwa, nikasahihisha koma kwenye maelezo yake, nikatuma. Hakuna aliyenijibu, na sasa naelewa kwa nini. Oktoba 2020 wasimamizi wa miradi walifurikiwa na marekebisho ya namna hiyo kutoka kwa watu waliokuwa wakiwania fulana za Hacktoberfest, kampeni ya Oktoba ya kuhimiza watu wachangie programu huria, hadi waandaaji wakabadilisha masharti mwezi haujaisha.

Msidhani wengine wote wanafanya sadaka. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, aliianza mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991, akisema ni kitu cha kujifurahisha. Leo sehemu kubwa ya kodi mpya ya kiini chake, sehemu inayoendesha mashine yenyewe, inaandikwa na waajiriwa wa kampuni kama Intel, Google na Red Hat. Mitambo yao inategemea Linux. Ikiyumba, nao wameyumba. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianzishwa 2004, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret, kwenye kliniki za VVU zilizokuwa na wagonjwa wengi kuliko makaratasi yanavyoweza kubeba. Hao walikuwa na shida, wakaitengenezea dawa.

Mimi pia nilifanikiwa siku nilipokuwa na shida yangu. Programu moja ndogo tuliyotumia kazini ilisoma 3/4 kama Machi 4, wakati sisi tunamaanisha Aprili 3, na ripoti zikawa vurugu tupu. Nilieleza hitilafu hatua kwa hatua, jinsi ya kuiona mwenyewe, kisha nikatuma kodi yangu. Msimamizi akajibu baada ya siku tisa: nzuri, lakini yako wapi majaribio, yaani kodi ndogo ya kuthibitisha kwamba marekebisho yanafanya kazi?

Nilinuna. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba alikuwa akijibu usiku, baada ya kazi yake ya mshahara. Hali hiyo si ngeni: 2014, kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed ilipofichuka, OpenSSL, programu huria ya kuficha mawasiliano iliyolinda tovuti nyingi mno duniani, ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeajiriwa kuishughulikia muda wote. Kwa hiyo usimkumbushe msimamizi kila asubuhi kama unadai deni.

Majaribio niliyaandika kwa siku nne. Yalikuwa mistari kumi na moja.