Kampuni inataka nijitambulishe: nijibu nini?

SWALI: Jambo, Mama. Mimi ni kijana wa miaka 31, mhasibu katika kampuni ya kigeni inayohudumia migodi hapa Lubumbashi. Ninapenda wanaume, na nyumbani ni dada yangu peke yake anayejua. Mwezi uliopita makao makuu ya ng'ambo yalitutumia barua pepe kwamba kampuni inawakaribisha wafanyakazi wote, wakiwemo wapenzi wa jinsia moja, na kwamba anayependa anaweza kujaza fomu ya kujitambulisha. Kesho yake, ndani ya gari la kazi, wenzangu waliisoma kwa sauti, wakacheka njia nzima. Nimechoka kuulizwa nitaoa lini. Rafiki yangu ananishauri nioneshe picha ya binamu yangu, niseme ndiye mchumba. Nijitambulishe, ninyamaze au nidanganye? – M., Kampemba

JIBU: Mwanangu, fomu hiyo usiijaze. Nimelitanguliza hilo kwa sababu karatasi za namna hiyo huwa na siku ya mwisho. Mengine tutayazungumza taratibu.

Aliyeandika barua ile huenda aliiandika kwa nia njema kabisa, lakini ahadi ya makao makuu si sheria ya hapa. Mkataba wako unatekelezwa chini ya Kanuni ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002, ambayo katika kifungu cha 62 inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na inataja mambo yasiyoweza kuwa sababu, kama vile rangi, jinsia, hali ya ndoa, dini na maoni ya kisiasa. Mapenzi ya jinsia moja hayakutajwa. Hata hivyo huachwi mikono mitupu, kwani aliyefukuzwa bila sababu halali anaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36. Tatizo ni kwamba mwajiri mjanja haandiki sababu ya kweli. Ataandika kwamba ulichelewa, au kwamba hesabu zako zilikuwa na kasoro, nawe utalazimika kwenda kwa inspekta wa kazi, kisha mahakamani, ukaeleze mbele ya watu jambo lile lile ulilolificha.

Sheria yetu ya jinai haiyataji mapenzi ya watu wazima wa jinsia moja kuwa kosa, ingawa kifungu chake cha 176, kinachohusu maadili ya hadharani, kimewahi kutumika dhidi ya watu kama wewe. Katiba ya mwaka 2006 nayo, katika kifungu cha 40, inazungumzia ndoa ya mwanamume na mwanamke tu. Kwa hiyo matibabu ambayo kampuni humlipia mke wa mwenzako, sheria haiilazimishi imlipie mpenzi wako. Sasa faida ya fomu ni ipi, zaidi ya kupamba ripoti ya mwaka ya wakubwa?

Hasara yake naiona wazi. Mkuu wa wafanyakazi anayekupenda leo anaweza kuhamishwa, na faili lako likabaki kabatini likimsubiri mrithi wake. Anayetoa nakala za fomu naye ana mama, na mama huyo pengine anaimba kwaya moja na shangazi yako. Mji wetu ni mkubwa, lakini ukiuliza asubuhi “huyu ni mtoto wa nani?”, kabla ya jioni umeshajibiwa.

Kumwambia mtu mmoja ni jambo tofauti kabisa na kuiambia kampuni, na hilo sikukatazi, kwa sababu kukaa kimya miaka yote kunamchosha mtu. Jikumbushe siku ile garini: ni nani hakucheka? Mchunguze huyo kwa miezi kadhaa, usikilize anavyozungumzia mimba, talaka na madeni ya wengine. Akikuletea siri za watu, zako pia atazipeleka. Ukimwamini, mwambie uso kwa uso, mbali na kazi, wala usimwandikie kwenye WhatsApp. Dada yako ajue kabla hujasema.

Mchumba wa kubuni hapana. Wenzako watataka kumwona, watauliza habari za mahari na, kwa ukarimu wetu wa Katanga, wataanza kukuchangia! “Mambo ya ndoa yangu siyazungumzii kazini” ni jibu linalotosha, ulitoe kila mara kwa tabasamu na bila kuongeza maelezo, mpaka wachoke wao.

Mjumbe wa makao makuu akija, muulize kama swali la jumla ni nani hapa Lubumbashi anayezisoma fomu hizo, zinahifadhiwa wapi, na kampuni itamfanya nini anayemdhihaki mwenzake. Nakala za mkataba wako, hati za mshahara na tathmini zako za kazi ziweke kwa dada yako, si kwenye droo ya ofisi.