Kiwanja kikishakarabatiwa nani akisimamie?

Mkuu umeuliza kiwanja cha mtaa kikishakarabatiwa kamati iwe ya nani, mi naona msimwachie mwenyekiti wa mtaa peke yake, wekeni timu za vijana, kina dada wa netiboli na shule ya jirani, ratiba ibandikwe getini kila mtu aione. Ila mifereji kwanza jamani! Mwanza hii ya milima na mawe, mvua ya Novemba ikishuka maji yote yanahamia golini na mchanga wake. Nyasi bandia kama za uwanja wa Nyamagana hapa mjini tamu, sikatai, lakini zinataka brashi mara kwa mara na siku zikichakaa mnabadilisha zote, hela mtatoa wapi? Jengeni fremu za maduka ukutani mpangishe, kodi iingie benki, sahihi tatu ndo itoke. Na bodaboda wasikatize katikati, pigeni vyuma pale njiani.