Kabla hujabeba kamera kwenda harusini, kaa na maharusi

Harusi yangu ya nne kama mpiga picha nilirudi nyumbani na picha zaidi ya 900, nikajiona bingwa. Wiki mbili baadaye bibi harusi akanipigia simu, kwa sauti ya upole kabisa: "Kaka, picha yangu na bibi siioni." Nikazipekua zote moja baada ya nyingine mpaka usiku wa manane. Bibi nilimpata kwenye picha mbili. Ya kwanza ametoka mgongo. Ya pili yuko nyuma ya mtoto anayecheza, nje ya fokasi, kashika mkoba wake, anaelekea mlangoni. Alikuwa amechoka, akaondoka kabla zamu yake haijafika. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba yeye ndiye aliyemlea bibi harusi tangu akiwa mchanga. Na mimi sikuwa nimeuliza.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, sikuandikii kuhusu lenzi. Lenzi utazijua tu kwa kuzishika. Nakuandikia kuhusu kile kikao cha wiki kadhaa kabla ya harusi, ambacho wengi wetu tulipoanza tulikifanya kuwa cha bei na idadi ya kurasa za albamu, tukaagana. Mambo mawili ndiyo yanayoharibu picha za harusi kuliko kamera mbovu: muda na watu. Yote mawili yanatengenezwa pale mezani, mapema.

Nianze na watu. Maharusi wakikwambia "tutapiga na familia", usiitikie na kuandika "familia". Familia kwa mtu mmoja ni watu 6, kwa mwingine ni 46. Waombe wakae wawili, waandike kila kundi kwa majina: maharusi na wazazi wa upande huu, maharusi na ndugu wa tumbo moja, maharusi na bibi. Majina, si vyeo. Mwanzoni mimi niliita kwa vyeo. Siku moja nikapaza sauti, "Baba wa bibi harusi, karibu mbele," wakasimama wanaume wawili. Mmoja alimzaa, mwingine alimlea, na walikuwa hawajasemeshana kwa miaka. Ule ukimya bado nausikia. Tangu siku hiyo nina swali moja ambalo siachi kuliuliza, tena nauliza kwa kila mmoja peke yake ikiwezekana: "Kuna jambo lolote la kifamilia ambalo nikilijua mapema nitawapanga watu vizuri zaidi?" Wengine hucheka na kusema hakuna. Wengine huvuta pumzi kwanza, kisha ndipo kikao chenyewe kinapoanza. Mzazi aliyefariki, wazazi walioachana, kaka asiyetaka kusimama karibu na shemeji yake, shangazi anayetembea kwa shida na asiyeweza kupanda ngazi. Yote hayo yanabadilisha mahali utakapoweka watu, na nani aanze.

Orodha ikifika makundi 12 mimi huanza kupunguza. Kundi moja linakula kama dakika 3 ukiwa mwepesi: kuita, kupanga, kumtafuta mjomba aliyekwenda kupokea simu, kupiga angalau picha 5 kwa sababu lazima mtu mmoja atafumba macho. Anza na wazee na wenye watoto wadogo, waachie wakapumzike. Vijana wenzake bwana harusi watakusubiri hata usiku, hao hawana haraka. Halafu omba upewe mtu mmoja wa kuita majina, anayezijua sura za pande zote mbili na mwenye sauti. Asiwe msimamizi wa harusi, maana yeye mwenyewe utamhitaji ndani ya picha. Dada mkubwa asiyeogopa watu ndiye bora kuliko wote niliowahi kuwapata.

Sasa muda. Hapa ndipo wapiga picha wapya wanapoona aibu kusema, wakidhani kupanga ratiba si kazi yao. Ni kazi yako, kwa sababu wewe ndiye utakayelaumiwa.

Chukua mfano. Ndoa inaanza saa nane mchana na inachukua saa moja na nusu. Saa tisa na nusu watu wanatoka, wanakumbatiana, wanalia kidogo. Wape dakika 20 na usizikate, maana humo mna picha ambazo huwezi kuzipanga. Makundi 12 kwa dakika 3 ni dakika 36, ongeza 10 za kutafutana. Hapo saa kumi na nusu imepita. Kwenda ukumbini nusu saa: saa kumi na moja na dakika kadhaa. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo maharusi wameota picha zao wawili, dakika 40 za mwanga laini wa jioni. Ukiangalia kadi ya mwaliko, inasema maharusi wataingia ukumbini saa kumi na moja kamili. Zile dakika 40 hazipo kokote.

Jambo hili likigunduliwa mezani, ni mazungumzo ya dakika tano. Likigunduliwa siku yenyewe, ni ugomvi kati yako na mshereheshaji, huku bibi harusi akiangalia. Mezani mna njia nyingi. Makundi yapungue yawe 7. Au maharusi waingie ukumbini kwa wakati, kisha uwaibe kwa dakika 20 jua linapokaribia kuzama, wageni wakiwa wanaendelea kuhudumiwa. Au wakubali kuonana na kupigwa picha kabla ya ndoa. Wapo wasiotaka kabisa kuonana kabla, na hilo liheshimu, lakini wajue wanaligharamia kwa dakika. Uamuzi ni wao. Kazi yako ni kuweka hesabu mbele yao.

Tafuta saa kamili ya jua kuzama kwa tarehe na mahali pa harusi, usikisie. Karibu na ikweta, tangu jua lizame hadi giza lishike ni kama dakika 20 na kidogo, basi. Mpiga picha aliyesoma ushauri wa watu wa nchi za kaskazini, ambako jioni za kiangazi mwanga unakawia, anaweza kujikuta anapapasa gizani na maharusi wake.

Asubuhi nayo ina mwizi wake wa muda, naye ni upambaji. Sisemi wapambaji ni wabaya. Kazi yao haikimbizwi. Ila ukiambiwa "saa sita atakuwa tayari", muulize mpambaji mwenyewe, si bibi harusi, kisha kichwani mwako andika saa saba. Waambie bibi harusi asiwe wa mwisho kupambwa. Akiwa wa mwisho, kila dakika iliyochelewa kwa wasimamizi wake inamwangukia yeye, na inatoka kwenye picha zake. Omba pia chumba chenye dirisha kubwa, na siku hiyo zima taa. Wengi hawanielewi ninapozima taa chumbani, wanadhani nimekosea swichi. Lakini balbu za manjano na mwanga wa dirishani ukivichanganya, unapata uso wenye shavu la chungwa na shavu la bluu, na hakuna uhariri unaoliponya hilo vizuri. Pete, viatu, kadi ya mwaliko na vitu vingine vidogo viwekwe kwenye boksi moja tangu usiku wa jana yake. Nimewahi kupoteza dakika 25 kutafuta pete zilizokuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kuosha gari.

Nenda ukaione sehemu ya ndoa na ukumbi, na uende saa ileile ambayo tukio litafanyika. Mwanga wa saa nne asubuhi hautakufundisha chochote kuhusu saa kumi. Piga picha za majaribio chini ya taa zao. Hili nilijifunza kwa aibu. Mahali fulani niliambiwa kamera isitoe sauti wakati wa viapo, nikaiweka kwenye shata ya kielektroniki isiyolia (shata ndiyo inayoamua mwanga uingie kwa muda gani). Nyumbani nikakuta picha za viapo zina mistari myeusi iliyolala, imepangana kutoka juu hadi chini. Taa nyingi za LED zinapepesa haraka kuliko jicho linavyoona, na shata ile inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo inazidaka katikati ya kupepesa. Penye umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, taa za aina hiyo mara nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na spidi ya shata ya 1/100 au 1/50 ya sekunde husaidia sana. Penye hezi 60, jaribu 1/60 au 1/125. Ningekwenda mapema na kupiga picha kumi tu, ningeliona kwenye kioo cha kamera. Ukiwa huko, muulize anayefungisha ndoa: flashi inaruhusiwa? Nisimame wapi, na nisivuke wapi? Usimuulize akiwa ameshavaa na watu wamekaa.

Kama kuna mpiga video, mtafute kabla. Mkubaliane nani anakaa upande gani wakati wa pete, la sivyo kila picha yako itakuwa na mgongo wake, na kila video yake itakuwa na kichwa chako. Mshereheshaji naye mwombe jambo moja: asianze tukio lolote kubwa kabla hajakutazama. Na waombe maharusi wakupangie kula wakati wao wanakula. Hakuna anayetaka picha akitafuna, na ukila baadaye utakuwa unakula wakati hotuba ya baba inaanza.

Mkataba uwe wa maandishi, hata ukiwa ukurasa mmoja. Saa unazofanya kazi, muda wa kukabidhi picha, kama picha ghafi, zisizohaririwa, zinatolewa au hazitolewi, nani atashika kamera ukiugua. Salio lilipwe kabla ya siku yenyewe. Baada ya harusi kila mtu ana madeni, na wewe utakuwa wa mwisho kwenye foleni. Kuhusu vifaa sina mengi: kamera mbili zenye saa zinazolingana hadi sekunde, la sivyo picha zitachanganyika utakapozipanga, na usifute kadi yoyote ya kamera mpaka picha ziwe zimekaa sehemu mbili tofauti.

Siku mbili kabla, napiga simu ya mwisho. Simpigii bibi harusi; wakati huo hasikii chochote. Nampigia yule wa kuita majina, tunaisoma orodha pamoja, kisha naichapisha nakala mbili kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji siku ambayo hupaswi kuitegemea. Makunyanzi ya karatasi hizo ninayapenda. Ninayo moja hapa mezani ya harusi iliyopita. Kundi la kwanza kabisa: maharusi na bibi. Tulimwekea kiti karibu na mlango, mwanga wa kivulini ukimjia usoni, mjukuu wake akapiga magoti pembeni yake. Nilipomaliza aliniuliza kama kazi yake imekwisha na anaweza kwenda kulala sasa. Nikamwambia imekwisha, nikamsindikiza hadi kwenye gari.