Kwa afisa mpya wa watoto Lamu: anza na maji

Mwenzangu uliyepangiwa Lamu, Sheria ya Watoto ya 2022 unaijua, na fomu utazikuta ofisini. Ila kila asubuhi uliza pia maji yanajaa saa ngapi.

Ofisi nyingi ziko Lamu mjini au Mokowe, upande wa bara, na mtoto anayekuhitaji huenda yuko Siyu au Kizingitini, kisiwani Pate. Boti hupita Mkanda, mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa sana hapapitiki, hadi yajae tena. Mtoto aliyenajisiwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72, na akiwahi zaidi ndiyo bora. Habari ikikufikia siku ya pili jioni, maji yamekupwa na kusi inavuma, huna ujanja. Kwa hiyo usingoje kesi. Jua mapema kituo gani cha afya huko huko Pate kina dawa hizo, zamu ni ya nani, na nahodha gani hukubali kutoka usiku. Mtoto wa Kizingitini akitibiwa Faza, kisiwani humo humo, hana haja ya kuvuka bahari.

Mjini shida ni nyingine: vichochoro ni vyembamba na kila mtu anaona umeingia kwa nani. Ukifuatana na askari mwenye sare, hata alasiri haijafika mtaa mzima wa Langoni una habari. Mwanamume mgeni huishia dakani, pale ukumbini mlangoni. Mtoto ataitwa, asimame mbele ya baba na ami zake, akwambie yu salama. Hayo usiyaandike kwenye faili kuwa ni mahojiano. Mwache mwenzako wa kike aingie ndani, au mwonane na mtoto shuleni, ambako mgeni mmoja zaidi hashtui mtu. Na simu ya kesi usiipokee chini ya wikio, pale nyumba inapovuka juu ya kichochoro. Juu yako pana chumba, na chumbani mna watu.

Utashauriwa haraka umhamishe mtoto, Malindi au Mombasa. Mara nyingine hakuna njia nyingine. Lakini mara nyingi naona anayeondoka ni mtoto, anaacha shule, mama na marafiki, na mtuhumiwa anabaki barazani akinywa kahawa. Uliza kwanza kama kuna shangazi mtaa wa pili anayeaminika, na polisi wanafanya nini juu ya huyo mtu mzima.

Halafu siku ya mahakama. Kutoka Pate usafiri ni mchache, na mtuhumiwa aliye nje kwa dhamana naye anaitwa Lamu asubuhi ile ile. Usipopanga, shahidi wako wa miaka tisa atasafiri safari nzima akitazamana naye ndani ya boti moja. Mvushe mtoto na mama yake siku moja kabla, walale kwa jamaa, na nauli uiombe mapema; ofisini hela haitoki siku hiyo hiyo.