"Hardly" haina maana ya "kwa bidii"

Nilikulia katika kambi ya jeshi mjini Jinja, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya michezo na magomvi yetu, na Kiingereza tukakikuta darasani. Nilipomaliza sekondari niliomba kazi ya ukarani katika kiwanda kimoja, na kwa kuwa nilitaka wajue kwamba mimi si mvivu, niliandika kwa mwandiko mzuri: "I work hardly." Ofisa aliyenihoji aliipigia mstari sentensi hiyo, akanirudishia barua bila kunieleza kosa. Baadaye nilifahamu kwamba nilikuwa nimemwambia kuwa kazi sifanyi, au nafanya kidogo mno. Sasa nawasaidia vijana kuandika barua kama ile, na kosa hilo bado nalikuta.

Tunapotezwa na kanuni tuliyofundishwa, kwamba kivumishi cha Kiingereza kikiongezewa "-ly" kinakuwa kielezi. Kwa maneno mengi ni kweli, lakini "hard" hutumika kama kielezi jinsi lilivyo, kwa hiyo anayefanya kazi kwa bidii "works hard". Vivyo hivyo, "late" ni kuchelewa, ilhali "lately" ni siku za karibuni.

Zamani "hardly" ilikuwa na maana ileile niliyoidhania: kwa nguvu, kwa ukali, kwa juhudi. Kutoka hapo ikawa "kwa taabu", na kufikia karne ya 16 ikaanza kumaanisha "kwa shida sana, karibu isiwezekane", maana ambayo ndiyo iliyobaki. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, kwa sababu nasi tukisema mgonjwa anapumua kwa shida, tunamaanisha kwamba pumzi inakaribia kukatika. Na mtu mgumu wa kutoa ni yule ambaye mkono wake haufunguki. Mimi neno hili halikuniingia mpaka nilipolipitisha katika "kwa shida" yetu.

Kwa kuwa ukanushi umo ndani ya neno lenyewe, Kiingereza sanifu hakiliongezei "not". Sisi husema "sikumsikia vizuri", na kitenzi hicho kilichokanushwa hutushawishi kuandika "I couldn't hardly hear him", kumbe inatosha "I could hardly hear him". "Hardly anyone came" ni kusema waliokuja ni wa kuhesabika, na "hardly ever" ni nadra sana.

Watoto wanaojiandaa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda hulikuta neno hili katika maswali ya kuandika upya sentensi kwa kuanza na "Hardly". Hapo kitenzi kisaidizi hutangulia kiima: "Hardly had we crossed the Nile when it started raining", yaani hatujavuka Nile vizuri, mvua ikaanza. Wazazi, wasikilizeni wanapofika katikati ya sentensi: "hardly" hufuatwa na "when", na "than" ni ya "no sooner". Wengi huzichanganya.

Kwa kijana anayeandika barua ya kazi, "I am hard-working" ni sahihi, ingawa mimi humshauri aache sifa, ataje kazi aliyoifanya: alihesabu mizigo ya ghala gani, kwa muda gani, na nani alimsimamia.