Fomu Mbili za Dirisha la Msajili

"Samahani, mama. Siwezi kukwambia kama huyo ni mwanafunzi wetu au siye."

Binti wa dirishani alikuwa na kucha za rangi ya chungwa, na kusema kweli alinionea huruma. Nilikuwa nimeshika kitambulisho cha Dogo, risiti ya ada yake, na kwenye simu picha yake akiwa amevaa fulana ya chuo hicho hicho. Binti alivitazama vyote kimoja kimoja, akavirudisha chini ya kioo, akarudia maneno yale yale.

Dogo ni mtoto wa mama mdogo. Aliletwa Houston mwaka 2012 akiwa na miaka 7, kwa viza ya matembezi. Viza ikaisha, mama mdogo akabaki, na mtoto hakuulizwa. Siku tisa kabla ya mimi kufika pale dirishani, Oktoba 2025, alisimamishwa barabarani kwa taa ya nyuma iliyokufa. Leseni hana, kwa sababu Texas haimpi leseni mtu asiye na makaratasi. Akalala jela ya kaunti usiku mmoja, asubuhi watu wa ICE, idara ya kukamata na kufukuza ya uhamiaji, wakaja kumchukua. Muhula ulikuwa katikati na alikuwa amejiandikisha kozi nne.

Naandika haya kwa ajili ya wazazi na wadogo zangu wa ughaibuni wenye mtoto chuoni na hofu nyumbani. Mimi nilisoma bila makaratasi nikamaliza, kwa hiyo nilijiona mjuzi. Kumbe nilijua nusu ya mambo, na hiyo nusu nyingine ilimgharimu mdogo wangu.

Marekani ina sheria ya mwaka 1974, inaitwa FERPA, inayolinda rekodi za mwanafunzi. Haijali una makaratasi au huna. Chuo hakiruhusiwi kumpa mtu maelezo yako bila ridhaa yako, isipokuwa kwa sababu chache kama amri ya mahakama. Ila kuna upenyo: zipo taarifa zinazoitwa za orodha, ambazo chuo kinaweza kumpa yeyote mpaka wewe ukatae. Jina, anwani, simu, na ndani ya hizo hizo sheria imeruhusu hata tarehe na mahali pa kuzaliwa. Ukimwandikia msajili fomu ya kuzizuia, inakuwa kama hupo. Hasara yake ni kwamba hata mwajiri akipiga kuuliza ataambiwa hawakujui, na jina lako linaweza kukosekana kwenye kijitabu cha mahafali. Ni bei ndogo.

Fomu hiyo Dogo aliijaza. Mimi ndiye niliyemwambia aijaze, na nilijisifu.

Fomu ya pili sikumwambia. Ni ya ridhaa: unaandika jina la mtu mmoja au wawili ambao chuo kinaweza kuzungumza nao kuhusu masomo yako, deni lako na alama zako. Ukurasa mmoja tu, unaijaza kwa dakika tano, na vyuo vingi wanayo mtandaoni. Tulifunga mlango wa mbele vizuri kabisa, kisha tukasahau kuwa hata ndugu hupitia hapo hapo. Ndiyo maana nilisimama pale dirishani kama mpita njia.

Kwa nini hili lina uzito? Kwa sababu mwanafunzi akitoweka darasani bila kujitoa rasmi, mwalimu hana cha kuandika isipokuwa F. Ukijitoa kabla ya tarehe ya mwisho, kozi inaandikwa W, na W haigusi wastani wako. Mara nyingi F nne zinatosha kukutupa nje ya ufadhili wowote, na kila chuo utakachoomba baadaye kitaziona. Watu wanadhani kinachoharibu masomo ni kukamatwa. Kilichoharibu ya Dogo ni tarehe ya katikati ya Novemba iliyokuwa imeandikwa kwenye kalenda ya chuo tangu Agosti.

Fomu ya ridhaa tulimpelekea kwa posta alikozuiliwa. Ilipofika alikuwa ameshahamishiwa Louisiana. Kumtafuta kwenyewe ni kazi. ICE wana ukurasa wa kumtafuta aliyezuiliwa, unaweka namba yake ya faili inayoanza na herufi A, au kama huna, jina na nchi aliyozaliwa. Jina lazima liwe herufi kwa herufi kama walivyoliandika wao. Sisi wenye majina matatu tunajua balaa lake. Shuleni anatumia jina la babu, kwenye pasipoti kuna jina la baba na S moja badala ya mbili. Siku mbili nzima tuliambiwa hayupo. Akapatikana mama mdogo alipofungua lile bati la biskuti la Danish analohifadhia kila kitu, akatoa pasipoti ya mtoto ya mwaka 2012 yenye picha ya kipara, tukaandika vile vile ilivyo. Nendeni mkapige picha pasipoti za watoto wenu leo, hata zilizokwisha, na mtumiane. Na nakala ya pasipoti iwe nyumba nyingine pia, si kwenye bati peke yake.

Fomu iliyotiwa saini ilifika kwa msajili siku tano baada ya tarehe ya kujitoa.

Kwa hiyo mwanzoni mwa kila muhula fanyeni hivi. Fomu zote mbili, ya kuzuia na ya ridhaa. Mtu uliyemwandika awe na nakala ya ratiba yako, majina ya walimu, namba yako ya mwanafunzi na tarehe ya mwisho ya kujitoa. Pakua transkripti, yaani karatasi ya alama zako zote, kila alama zinapotoka. Hata isiyo rasmi inakuonyesha ulipofika, na mlango wa tovuti ya chuo unaweza kufungwa siku usiyoitarajia. Kama kuna mtu unayemwamini kwelikweli, mpe pia karatasi ya mamlaka ya kutia saini kwa niaba yako, iliyogongwa muhuri na mthibitishaji. Namaanisha mtu mwenye makaratasi, na anayepokea simu. Mjomba mwenye kelele nyingi kwenye kikundi cha WhatsApp siye.

Walimu nao wasisahauliwe. Sheria inaweza kumzuia mwalimu kukwambia habari za mwanafunzi, lakini haimzuii kusikiliza. Niliwaandikia wote wanne barua pepe fupi: Dogo amepata dharura ya kifamilia, hawezi kuhudhuria, naomba mwongozo. Sikuandika neno uhamiaji, na ninyi msiliandike. Barua pepe za chuo cha umma si siri yenu. Mambo ya makaratasi yasemwe kwa mdomo, kwa mtu mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Wawili hawakujibu. Mmoja alijibu kwa sentensi moja. Wa hesabu alinipigia simu, akasema ataweka mitihani yote ya Dogo kwenye droo yake, na kwamba kama ingekuwa Desemba angempa alama ya "haijakamilika", ambayo hutolewa kwa aliyemaliza sehemu kubwa ya kozi. Oktoba ilikuwa mapema mno.

Sasa chuo chenyewe. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka mji wa Tyler hapa hapa Texas, iliamua mtoto asinyimwe shule ya umma kwa kukosa makaratasi. Uamuzi ule unaishia darasa la kumi na mbili. Chuoni unategemea jimbo na chuo. Na mwongozo wa zamani uliowazuia maofisa kukamata watu mashuleni, makanisani na hospitalini ulifutwa Januari 2025. Kantini, ukumbi, maegesho, popote anapoingia kila mtu, hata wao wanaingia. Chumba chako cha bweni ni jambo jingine: hapo wanahitaji ruhusa yako au hati iliyotiwa saini na jaji. Karatasi zao za kawaida, fomu I-200 na I-205, zinatiwa saini na ofisa wa uhamiaji, na hazimlazimishi mtu kufungua mlango. Mwambie aipitishe chini ya mlango, uisome. Usikimbie, usidanganye, usitoe karatasi ya bandia. Jina la jaji hulioni, mwambie hufungui, nyamaza, piga simu.

Lakini nikwambie ukweli, kwa watu wetu ninaowajua, hakuna aliyekamatiwa darasani. Ni barabarani, asubuhi, anakwenda kazini au chuo. Kama kuna hela ya kuamua, hamia karibu na chuo ili uwe unapanda basi, au chukua kozi za mtandaoni muhula huu. Dogo alikuwa anaendesha dakika 40 kila siku ili aokoe kodi ya chumba. Ile taa ya nyuma ingegharimu dola 9.

Kuhusu ada sitasema mengi, maana hasira zitanipanda. Mwaka 2001 Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuwaruhusu waliosoma sekondari huku walipe ada ya mwenyeji hata bila makaratasi. Ndiyo iliyonisomesha mimi. Tarehe 4 Juni 2025 serikali ya shirikisho iliishtaki Texas, Texas ikakubali siku hiyo hiyo, na sheria ya miaka 24 ikaisha kabla ya chakula cha usiku. Wengine mnaniuliza mkimbilie California. Taratibu. Ada ya mwenyeji kule nayo inadai uwe umesoma shule za kule miaka kadhaa, kuhama leo hakukusaidii kesho. Kuna ufadhili wa binafsi usiouliza makaratasi, kama TheDream.US. Anzieni huko.

Na fomu ya msaada wa serikali, FAFSA, asiye na makaratasi hapati kitu humo, basi asije akaweka alama kwamba ni raia. Hili nalikazia kwa sababu linaua kimya kimya. Kujidai raia, iwe kwenye fomu ya kazi au kwenye ile meza ya kuandikisha wapiga kura wanayoweka mbele ya maktaba wakigawa stika na peremende, kunaweza kukufungia njia ya grini kadi maisha. Mimi niliingia kwa viza halali, nikaolewa na raia, nikapata makaratasi. Kama ningeweka ile alama moja nikiwa na miaka 19, ndoa isingenisaidia. Chukua peremende, acha kalamu.

Vivyo hivyo kujilipua, yaani kuomba ukimbizi kwa hadithi ya kutunga. Mtu wa makaratasi wa mtaani atakwambia akutungie hadithi ya ukimbizi kwa dola 1,500. Ombi la ukimbizi lina mwaka mmoja tangu uingie, na likithibitika kuwa la kubuni unafungiwa kila kitu. Tafuta wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, kabla ya shida, uulize swali moja tu: mimi nina njia yoyote? DACA, ule mpango wa kuwakinga walioletwa wakiwa watoto wasifukuzwe, ilihitaji uwe umeshaingia kabla ya tarehe 15 Juni 2007. Dogo alikuwa Tanga bado, ana miaka miwili, hajui hata ndege ni nini.

Wenye F-1, viza ya mwanafunzi, msicheke. Ada ikiwashinda, msipunguze kozi chini ya kiwango cha muhula kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Nimewaona vijana wa Dar na Nairobi wakiacha kozi moja ili wabebe boksi zaidi, na hivyo ndivyo makaratasi yao yalivyokufa.

Dogo alikubali kuondoka mwenyewe, Februari. Mimi ningepigana, lakini sikuwa ninayelala kwenye kile kitanda cha chuma. Alikuwa amekaa zaidi ya mwaka bila makaratasi tangu atimize miaka 18, kwa hiyo kutoka kwake ni kufungiwa kurudi Marekani miaka 10, na alilijua hilo aliposaini. Yuko Tanga kwa bibi, Ngamiani. Chuo alichoomba Dar kilitaka transkripti itumwe na chuo cha huku chenyewe, na chuo cha huku kiliishikilia kwa deni la dola 612. Tulichanga kikundini, ikalipwa kwa siku mbili. Mama mmoja wa Kinshasa ambaye hatujawahi kumwona alituma 100.

Zile F nilizikatia rufaa. Niliambatanisha barua ya wakili na karatasi za kuzuiliwa, kila moja ikiwa na tarehe yake. Walikaa nayo wiki kumi na moja. Binti wa kucha, safari hii za kijani, ndiye aliyenichapia transkripti mpya, kwa sababu sasa jina langu limo kwenye fomu. Niliipiga picha nikamtumia Dogo. Huko ilikuwa usiku wa manane, akanijibu kwa sauti, anaongea chini chini asimwamshe bibi: "Dada, W nne. Nimezihesabu mara mbili."