Kabla hujalazwa, dai kibali cha maandishi kutoka bima yenyewe

Mleta mada, subiri kwanza. Unaingia upasuaji wiki ijayo, kadi ya bima ina kikomo kikubwa cha malipo, na wakala kakwambia "kila kitu kimo". Maneno hayohayo niliambiwa mimi mama alipokuwa anabadilishwa nyonga, na deni lake mpaka leo nalilipa.

Hicho kikomo kikubwa ni cha jumla. Ndani yake kuna vikomo vidogo: uzazi, macho, meno, magonjwa sugu, na tatizo ulilokuwa nalo kabla ya kujiunga. Daktari aliandika kwenye fomu kwamba maumivu ya mama yalianza zamani. Ni kweli kabisa, lakini kwa sentensi hiyo moja bima wakaihamishia nyonga kwenye fungu la magonjwa ya awali, ambalo halikufika hata nusu ya bili. Nyonga ya bandia nayo ilikuwa na kikomo chake. Daktari wa usingizi akaleta bili ya peke yake, kwa kuwa hospitali imo kwenye orodha ya bima ila yeye hayumo. Haya yote tuliyajua siku ya kuruhusiwa, mama kashavaa nguo za kutokea, tunaelekezwa dirisha la malipo.

Kibali cha bima tulikuwa nacho! Kilikuwa cha kiasi cha mwanzo tu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kimeandikwa kwamba si ahadi ya kulipa. Yule wakala bado ananiuma. Kamisheni alishachukua, nilipompigia kutoka wodini akanijibu "someni mkataba", mkataba ambao alitutumia baada ya kupokea hela.

Kwa hiyo usisaini kulazwa mpaka bima yenyewe, si wakala, ikuandikie: upasuaji umewekwa fungu gani, fungu hilo limebaki na kiasi gani, na nani anamlipa daktari mpasuaji na wa usingizi, na nani analipia kifaa cha kuwekwa mwilini kama kipo. Wakikujibu kwa simu, waandikie barua pepe ukirudia walichosema.

Uliza pia sehemu yako. Kama mkataba unasema utangulize 10,000 kisha uchangie 20% ya kinachobaki, bili ya 100,000 inakudai 28,000, hata kila kitu kikikubaliwa.

Upasuaji wako si wa dharura, hivyo muda unao. Waandikie leo, na tarehe isogezwe kama hawajajibu.